Sukari, Asali na Kikombe Chetu cha Chai

(Maneno ya Mwenyekiti siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi, Mpanda, mkoa wa Katavi)

 

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa na uhai. Wenzetu wawili tulioanza nao wametangulia mbele ya haki. Tunaomba tusimame dakika moja tuwakumbuke. (Watu wote walisimama.) Ahsanteni, tukae.

Ndugu wageni, habari za hisa, mikopo na marejesho mmekwisha kuzisikia kutoka kwa katibu na mhazini, na hesabu zenyewe zimo katika kijitabu hiki. Sisi tumepewa kazi ya kusema machache juu ya yale tuliyojifunza katika miaka hii kumi. Tulikaa uongozi mzima tukajiuliza, tuseme nini? Tukakubaliana tuzungumze habari ya sukari tunayotia kwenye chai nyumbani. Msicheke. Hiyo sukari ilitaka kutuvunjia kikundi, na ilikaribia kumwondoa mwenzetu duniani.

Tulianza mwaka 2015 tukiwa wanawake 18, chini ya mwembe, na sanduku moja la chuma lenye kufuli tatu. Hisa moja ilikuwa shilingi 1,000. Funguo wanashika watu watatu tofauti, na mmoja asipokuwepo sanduku halifunguliwi. Hiyo ndiyo sheria, na mpaka leo hatujaivunja. Kila Jumamosi baada ya kuweka hisa tulikunywa chai, kila mmoja akichangia kidogo. Na ugomvi wetu wa kwanza haukuwa wa mkopo, ulikuwa wa sukari. Mmoja anataka vijiko vinne, mwingine viwili, anayepika anamimina moja kwa moja kwenye sufuria kwa kukadiria mkono. Ikipungua utamu, anaambiwa ni mchoyo. Ikizidi, anaambiwa anatapanya mali ya kikundi.

Hayo tusishangae, maana kwetu sukari ni heshima. Mgeni akija ukamwekea chai isiyokolea, atakwenda kusema kwa jirani. Na sisi tulio na miaka hamsini na kitu tunajua imetoka wapi heshima hiyo. Miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979, tulikuwa watoto wa shule ya msingi. Sukari ilikuwa ya kupanga foleni, na unayopewa ni kidogo tena kwa zamu. Mama zetu waliifunga kwenye kitambaa, wakaificha chini ya nguo sandukuni, wakaitoa akija mkwe au akiugua mtu. Siku nyingine zote tulikunywa chai ya rangi isiyo na kitu, huku tunatafuna kiazi kitamu au matobolwa. Utamu tuliupata kwenye kiazi. Na aliyekuwa na ndugu huko Inyonga, huyo alikuwa na asali.

Asali ndiyo iliyokuwa utamu wa nchi hii kabla ya sukari ya dukani. Wazee wetu Wakonongo, Wabende na Wapimbwe walitundika mizinga ya magome na ya magogo katika misitu ya miyombo miaka mingi kabla reli ya kutoka Kaliua haijafika hapa Mpanda. Uji wa mgonjwa ulitiwa asali, mwenye kikohozi alipewa asali, na kidonda kilipakwa asali. Kwa hiyo sisi wote tumekua tukijua kwamba asali ni dawa. Neno hilo tulishike, maana hapo ndipo tulipoteleza.

Mwishoni mwa mwaka 2023 mvua za El Niño zilinyesha kupita kiasi huko kwenye mashamba ya miwa. Miwa ikashindikana kukatwa, viwanda vikapunguza kazi, na kuingia mwaka 2024 sukari ikaadimika nchi nzima. Sisi wa Katavi hatuna kiwanda cha sukari. Sukari yetu inatoka Kilombero na Mtibwa mkoani Morogoro, au Moshi, au Kagera, au nje ya nchi, na yote inafika hapa kwa safari ndefu. Mwezi Januari 2024 Bodi ya Sukari ilitangaza bei elekezi, kwamba rejareja kilo moja isizidi kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kutegemea kanda. Lakini dukani mtaani kwetu tuliinunua hata kwa 4,500, na siku nyingine hela unayo mkononi lakini sukari hakuna.

Hapo ndipo mwenzetu mmoja akasimama kwenye mkutano akasema, "Jamani, sukari imetushinda, lakini asali si tunayo hapa hapa mkoani?" Tukapiga makofi. Tukatoa mkopo wa pamoja kutoka kwenye sanduku, tukaagiza asali kutoka wilaya ya Mlele, tukaichuja vizuri, tukaijaza kwenye chupa za nusu lita, chupa 240. Na ili iende haraka, sisi viongozi tukaandika vikaratasi kwa mkono tukabandika kila chupa: ASALI SAFI, HAINA SUKARI, INAFAA KWA WENYE KISUKARI.

Hakuna mtu aliyetutuma kuandika hivyo. Wala hatukumwuliza mganga wala muuguzi. Tuliandika kwa sababu ndivyo tulivyosikia tangu utotoni, na kwa sababu maneno yale yanauza.

Sasa, kati yetu kuna mama mmoja, ndiye mshika ufunguo wa pili. Ametupa ruhusa tuseme habari zake ila jina tusilitaje, ingawa mnaomfahamu tayari mnamtazama. Mama huyu ana ugonjwa wa kisukari, siku nyingi. Alikuwa ameacha sukari kabisa na anakunywa vidonge vyake. Asali ilipokuja na kikaratasi chetu, akafurahi sana. Akawa anatia vijiko viwili vikubwa kwenye kila kikombe cha chai, vikombe vinne kwa siku. Siku nyingine akaacha na vidonge, akisema dawa si hii naipata kwenye chai? Baada ya wiki kadhaa akaanza kiu isiyoisha, kwenda haja ndogo usiku kucha, macho kuona ukungu. Alificha, kwa kuwa hakutaka kusumbua watoto. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Siku ya Ijumaa usiku alianguka, akapelekwa hospitali. Kipimo kilisoma 24, wakati mtu mzima mwenye afya asubuhi kabla ya kula haizidi 6 hivi.

Jumamosi tukakutana kama kawaida. Ufunguo wa pili haupo. Umo kwenye mkoba wake, wodini. Sanduku likakaa katikati yetu limefungwa, na kuna mama alikuwa anasubiri mkopo wa ada ya mtoto. Tukalitazama tu. Wengine wakaanza kulia.

Tulipokwenda kumwona, muuguzi alituuliza mgonjwa anatumia nini nyumbani. Tukasema kwa kujiamini, hali sukari huyu, anatumia asali. Yule dada hakutugombeza. Alichukua kalamu akatupigia hesabu, na hesabu yenyewe ndiyo hii tunayotaka kila mmoja aondoke nayo leo.

Kijiko kidogo cha sukari, kile cha chai, kikiwa cha kufuta, ni gramu 4 hivi. Asali, katika kila gramu 100, karibu gramu 80 ni sukari na sehemu kubwa ya zinazobaki ni maji. Asali ni nzito, kwa hiyo kijiko kile kile kidogo kinabeba gramu 7 za asali, na ndani yake sukari inakaribia gramu 6. Maana yake, kijiko cha asali kina sukari nyingi kuliko kijiko cha kufuta cha sukari yenyewe. Kijiko kikubwa cha asali kina gramu 16 au 17 za sukari. Mwenzetu alikuwa anakunywa vijiko vikubwa vinane kwa siku. Hiyo ni sukari ya zaidi ya vijiko vidogo 30. Tulipoisikia hesabu ile, hakuna aliyeweza kusema neno.

Basi tukamwomba muuguzi atueleze na aina nyingine, na baadaye tukaendelea kuuliza kwa wanaojua, maana kuuliza si ujinga.

Sukari nyeupe ni ile iliyosafishwa mpaka mwisho. Sukari ya kahawia kidogo, ambayo ndiyo nyingi inayotoka viwanda vyetu, haikusafishwa mpaka mwisho, imebakiwa na kimolasi kidogo, ndiyo maana ina rangi na harufu. Wengine wanasema ya kahawia haina madhara. Si kweli. Madini yaliyomo ni machache mno, na kwa kipimo cha kijiko zote mbili mwilini ni kitu kimoja. Sukari guru, ambayo ni maji ya miwa yaliyochemshwa mpaka yakagandishwa kuwa mabonge, ina ladha yake nzuri, inafaa kwa chai ya tangawizi, lakini nayo sehemu kubwa kabisa ni sukari. Asali ya nyuki wadogo, ile ya bei kubwa tunayoitafuta kwa dawa, nayo ina sukari. Damu haiulizi utamu umetoka mzingani au kiwandani.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linaihesabu asali pamoja na sukari. Linasema kwa mtu mzima wa kawaida sukari ya kuongeza isizidi gramu 50 kwa siku, yaani vijiko vidogo 12, na ikiwa chini ya gramu 25, yaani vijiko 6, ni bora zaidi. Hapo wamehesabu na soda, juisi na biskuti. Sisi wengine vijiko sita tulikuwa tunavimaliza kwa kikombe cha asubuhi na kile cha saa nne.

Na tusidhani ni ugonjwa wa watu wa mjini wenye magari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kati ya watu 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 Tanzania Bara, kama tisa walikuwa na kisukari. Sisi hapa leo tumejaa ukumbi. Kila mtu ahesabu mwenyewe.

Ndugu wageni, tuliporudi kikundini kulikuwa na mvutano mkubwa, na tuuseme wazi maana kijitabu hiki kitasomwa na watoto wetu. Wapo waliosema tubandue karatasi siku ile ile. Wapo waliosema tukibandua, biashara imekufa na mkopo utalipwa na nani? Wengine wakasema, kila mtu sokoni anasema hivyo hivyo, kwa nini sisi tujiumbue? Tulibishana Jumamosi mbili. Jumamosi ya tatu mwenzetu akatoka hospitali, akaja amekonda, ameshika ufunguo. Akakaa. Akasema, "Mimi sina hasira na mtu. Lakini mtaani kuna bibi mwingine kama mimi ameninunulia chupa hiyo hiyo, na yeye hana watoto wa kumkimbiza hospitali. Bandueni. Mkimaliza nitanunua moja, ya wajukuu."

Tukabandua. Chupa ambazo tayari zilikuwa zimeuzwa tulizifuata nyumba kwa nyumba kadiri tulivyokumbuka wateja. Wengine walitucheka. Wengine walitaka hela yao, tukawarudishia. Mwaka ule mgawo wetu ulipungua, na hesabu za mhazini zinaonyesha. Kama yupo hapa mtu aliyenunua asali yetu siku zile na hatukumfikia, leo mbele ya mgeni rasmi tunasema: tulikosea, tunaomba radhi. Ukiwa na kisukari, asali ihesabu kama sukari, zungumza na mganga wako, na vidonge usiache.

Asali bado tunauza. Ni mali ya misitu yetu na hatuionei haya. Tunaisema tu jinsi ilivyo. Ina harufu na ladha ambayo sukari haina, inalainisha koo lenye kikohozi, na kwa kuwa ni tamu zaidi kidogo unaweza kutia kidogo ikatosha. Ukitaka harufu yake usiichemshe pamoja na majani, acha chai ipoe kidogo ndipo utie. Wanaosema asali ikiwekwa kwenye chai ya moto inageuka sumu wanatutisha bure, inapoteza harufu tu. Asali ikiganda usidhani imechanganywa sukari. Asali halisi huganda, weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu italainika. Na yale majaribio ya kiberiti na ya kudondosha kwenye maji yasikudanganye, maana hayatoshi kutambua iliyochakachuliwa. Nunua kwa mtu unayemjua.

Jambo moja tunalikazia kwa akina mama vijana na akina bibi: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali, hata tone, hata kwenye uji. Asali inaweza kuwa na mbegu za vijidudu ambazo tumbo la mtu mzima linazimudu, lakini tumboni mwa mtoto mchanga huota na kutoa sumu inayolegeza mwili na kuzuia pumzi. Kuichemsha jikoni hakuondoi hatari hiyo.

Sasa tuje kwenye sanduku, maana sisi ni kikundi cha kuweka na kukopa. Chukua nyumba ya watu sita, kila mmoja vikombe viwili kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe. Ni gramu 144 kwa siku, kilo nne na theluthi kwa mwezi. Kwa bei ya shilingi 3,000 ni kama shilingi 13,000. Mkishuka mpaka kijiko kimoja mtatumia shilingi 4,300 hivi. Mmebakiwa na zaidi ya 8,600 kila mwezi, na kwa mwaka inapita laki moja. Kwa hisa yetu ya leo ya shilingi 2,000, hizo ni hisa zaidi ya 50. Haba na haba hujaza kibaba. Na ukitaka kukwepa sukari kwa kukimbilia asali, jua kwamba lita moja ina uzito wa kama kilo moja na gramu 400. Ukiinunua kwa shilingi 10,000, kilo imekugharimu zaidi ya 7,000. Utamu huo ni wa gharama mara mbili na zaidi.

Msidhani tulishuka kwa siku moja. Tulipunguza nusu kijiko kila baada ya wiki mbili, na ulimi ukazoea. Tukaongeza tangawizi, mdalasini, iliki, na mchaichai ambao unaota nyuma ya nyumba bila kununuliwa. Chai ya maziwa tuliona haihitaji sukari nyingi, maziwa yana utamu wake. Na lililosaidia kuliko yote ni kuacha kutia sukari kwenye sufuria. Siku hizi sukari inakaa mezani na kijiko kidogo, kila mtu anatia mwenyewe na anajihesabia. Mgeni naye anajitilia, hakuna tena wa kuitwa mchoyo.

Lakini hatujaifukuza sukari. Mwenzetu huyu anayetumia dawa, ipo siku alikawia kula, akaanza kutetemeka mkutanoni, jasho linamtoka, anajibu vitu visivyoeleweka. Tulikuwa tumefundishwa. Sukari yake ilikuwa imeshuka. Tulikoroga vijiko vinne vya sukari kwenye maji nusu glasi, akanywa, baada ya robo saa akarudi sawa, ndipo akala. Mtu akiwa bado anajitambua na anaweza kumeza, fanyeni hivyo. Akiwa amezimia msimimine kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Ndiyo maana kopo la sukari lipo kila Jumamosi, karibu na sanduku.

Ndugu mgeni rasmi, leo tuko wanachama 30. Sanduku ni lile lile na kufuli ni tatu zile zile, na ufunguo wa pili bado unashikwa na mama yule yule. Yupo hapa, ndiye aliyepika chai ya leo.

Chai iko tayari. Sukari imo kwenye kopo la bluu, asali imo kwenye chupa, na kijiko ni kile kidogo. Karibuni sana.